Upepo wa Kusi na Fimbo Namba Tano: Gofu ya Mombasa Tuliyoibeba Mabegani

Haya ni maneno niliyoyasema Jumamosi iliyopita mbele ya makedi, yaani wabeba mikoba ya fimbo za gofu, pamoja na wachezaji na watoto wanaojifunza gofu hapa Mombasa. Waliokosa kufika wameniomba niyaweke yote, nami nimeyaweka kama yalivyonitoka.

Asalaam aleikum. Hamjambo wazee wangu? Hamjambo mama zangu? Na nyinyi wanangu mliokaa chini hapa mbele, hamjambo? Sogeeni kidogo, jua lisiwapige. Hema hili halitoshi, na mimi maneno yangu ni marefu.

Nilipoitwa niliambiwa, mzee, uje utueleze gofu ya zamani. Nikauliza, gofu ya zamani ipi? Kwa sababu zilikuwa mbili. Iko ile iliyoandikwa ukutani kwenye mbao, kwa rangi ya dhahabu: majina ya makapteni, miaka, washindi wa vikombe. Ile mnaweza kwenda kuisoma wenyewe. Na iko ile iliyobebwa mabegani, ambayo hakuna aliyeiandika popote. Hiyo ya mabegani ndiyo niijuayo, na wenzangu niliokuwa nao wanapungua kila mwaka. Mwaka huu tumeshazika wawili. Ndiyo maana nimekuja.

Nilianza kubeba mkoba mwaka 1970. Nilikuwa na miaka 12, naishi Likoni. Baada ya sala ya alfajiri nateremka kwenye feri, nabanana na wafanyakazi wa bandarini na kina mama wenye makapu. Tukifika upande wa kisiwani, watu wote wanapanda mlima kwenda mjini, mimi nakata kulia peke yangu. Nafuata barabara ya Mama Ngina, ambayo wazee wetu walikuwa bado wanaiita Azania. Bahari mkono wa kulia, mibuyu mkono wa kushoto, na umande kwenye ukoka. Nani hapa amewahi kupita pale saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla ya wauza madafu na mihogo hawajafika? Basi anajua ninachosema.

Uwanja wa pale, wa Klabu ya Gofu ya Mombasa, ni wa mashimo 9. Klabu ilianzishwa mwaka 1911, na ukitaka kutimiza mashimo 18 unauzunguka mara mbili. Watu wa bara walikuwa wakicheka, uwanja gani huu mdogo! Lakini mimi nilipenda jambo moja katika udogo ule. Shimo lililokuaibisha saa mbili asubuhi, utalikuta tena saa nne. Linakungoja. Ni nani katika maisha anayepewa nafasi hiyo?

Upande mmoja kuna ukingo wa mwamba, na chini yake bahari. Karibu na hapo kuna mabaki ya ngome ndogo ya Wareno, mawe tu yamebaki. Meli zinazoingia Kilindini zinapita mbele yako kwa ukaribu ambao mgeni hawezi kuuamini. Unasikia injini kifuani. Mchezaji amesimama, ameshaweka miguu, fimbo iko juu, mara kivuli cha meli kinatambaa kwenye majani. Wenyeji walikuwa wanashusha fimbo, wanaingoja ipite, kama unavyongoja maiti ipite njiani.

Sasa nataka niwaambie juu ya upepo.

Kibanda cha makedi kilikuwa benchi mbili chini ya mwarobaini. Mkubwa wetu alikuwa mzee mmoja aliyekuwa mvuvi kabla ya kubeba mikoba. Nguvu za kuvuta nyavu zilipomwishia, akaja kwenye gofu. Hakujua kusoma. Kadi ya alama ulikuwa ukimshikisha, anaishika juu chini. Lakini kila mchezaji mwenye akili alikuwa anamgombania yeye. Kwa nini? Kwa sababu alijua upepo.

Sisi watoto tulipofika alituweka chini, akatufundisha kama chuoni. Akatuambia: miezi ya Desemba mpaka Machi ni kaskazi, upepo unatoka juu, mkavu, unakausha majani, mpira ukianguka unabiringika hutaki. Aprili mpaka Septemba ni kusi, unatoka baharini, mzito, umebeba chumvi na mvua, mpira unaurudisha kwa mwenyewe. Katikati hapo ni matlai, upepo wa kigeugeu, asubuhi huku, adhuhuri kule. Fimbo za gofu zina namba, na namba ikiwa ndogo mpira unakwenda mbali zaidi. Basi akatuuliza: shimo moja, mwezi wa kwanza unapiga namba nane, mwezi wa saba utapiga namba ngapi? Tukanyamaza. Akasema: namba nne. Shimo ni lilelile, halijasogea hata unyayo. Upepo ndio mwenye uwanja, sisi sote ni wapangaji.

Siku moja akaja mgeni kutoka Nairobi. Mtu mzima, mchezaji mzuri, handikapu yake ndogo. Ilikuwa Julai. Tulifika kwenye shimo fupi la ukingoni, mzee akampa namba nne. Yule bwana akamtazama, akatabasamu, akairudisha, akachukua namba saba. Akasema, Nairobi umbali huu napiga namba nane. Na alikuwa anasema kweli! Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa kule ni nyepesi, mpira unasafiri. Huku chini hewa ni nzito, na ukiongeza kusi ndiyo basi kabisa. Akapiga. Nakwambieni, alipiga vizuri, sijaona pigo zuri kama lile. Mpira ukapaa, ukafika juu, ukasimama. Ukasimama kama mtu aliyesahau alichofuata. Kisha ukaanguka wima, nusu ya njia.

Hakusema kitu, na mzee wetu hakusema kitu. Wakaendelea. Baada ya saa moja na nusu wakarudi palepale, mzunguko wa pili. Mzee akatoa namba nne, akainyoosha. Safari hii yule bwana akaipokea. Mpira ukaenda chini chini, ukapenya, ukatua ndani ya grini, yale majani mafupi yanayozunguka shimo. Ndipo akamgeukia, akamwuliza, mzee, umejuaje? Mzee akaonyesha baharini kwa kidevu. Kulikuwa na ngalawa moja inakuja na tanga lake limejaa. Akasema: tanga limeniambia.

Sikilizeni wanangu. Siku hizi iko mashine, unailenga kwenye bendera, inakutajia yadi. Ni kitu kizuri, mimi siipingi. Lakini mashine ile inaweza kukuambia shimo liko mbali gani, ya tanga haiyajui.

Na mpira wenyewe ulikuwa mwingine. Wangapi hapa wanajua kwamba zamani ilikuwepo mipira ya aina mbili? Wamarekani walikuwa na wao, wenye upana wa inchi 1.68. Sisi huku tuliofuata sheria za Uingereza tulikuwa na mdogo zaidi, wa inchi 1.62. Tofauti haipiti unene wa kucha, lakini kwenye kusi ilikuwa tofauti kubwa, maana ule mdogo unajua kupita chini ya upepo. Mwaka 1990 sheria zikaupiga marufuku duniani kote, ukabaki mkubwa peke yake. Wazee wa pwani waliulilia. Na mimi niliulilia, kwa sababu nilikuwa naujua kwa vidole, ukinipa gizani nitakwambia ni upi.

Tena naujua ndani yake. Mpira wa siku zile ulikuwa unakatika. Ukipigwa vibaya kwa ncha ya chuma unapata jeraha kama mdomo unaocheka, na mchezaji anautupa. Sisi tunauokota. Tunakaa mwambani na kisu, tunamenya ganda jeupe kama unavyomenya chungwa. Ndani unakuta nyuzi za mpira, nyembamba, za rangi ya kahawia, zimezungushwa na kukazwa. Ukikata moja tu, mpira mzima unaanza kujisogeza wenyewe mkononi. Unatambaa! Nyuzi zinakatika moja baada ya nyingine, tik, tik, tik, na wewe mtoto umeshikilia kitu kinachopumua. Ukifika katikati, mingine ilikuwa na kifuko kidogo cha maji. Tuliambiana ni sumu, ukiguswa unapofuka. Hatukuacha kukata.

Mizima tuliitafuta kule chini. Maji yakipwa, hasa siku za bamvua, mwamba wote unabaki wazi, na mipira iliyopotea juu inaonekana imekwama kwenye vishimo vya matumbawe kama mayai. Tuliteremka peku. Makovu haya ya mguu ni ya pale. Tukiipata tunaisugua kwa mchanga na majivu, tunawauzia wachezaji mipira yao wenyewe. Walijua, na walinunua.

Lakini habari ya mipira ilikuwa na upande mchungu, na siwezi kuwaficha. Kwenye uwanja mmoja wa pwani hii, sitautaja, mchezaji alipiga mpira mpya katikati kabisa ya njia. Tulipofika, mpira haupo. Majani mafupi, hakuna pa kujificha. Kedi wake alikuwa rafiki yangu, mtoto wa miaka 13. Akaambiwa, umeuficha. Akapekuliwa mifuko. Akavuliwa hata kofia. Hakuna kitu. Akaambiwa basi umemrushia mwenzako, na akafungiwa mwezi mzima. Mwezi mzima! Nyumbani kwao ile bakshishi yake ndiyo ilikuwa unga.

Na mimi niliona kilichotokea. Kunguru alikuja, wale kunguru wa Kihindi wenye shingo ya kijivu mnaowaona hapo juu sasa hivi. Alitua, akaugeuza kwa mdomo, akauchukua, akaondoka nao kuelekea kwenye minazi. Nilisema. Nilisema kwa sauti. Waliniangalia kana kwamba nimesema nimeona jini. Neno la kedi lilikuwa na uzito gani siku zile? Ungeweza kulipima kwenye mizani, mshale usisogee. Baada ya siku kadhaa upepo uliangusha tawi la mnazi pamoja na tundu la kunguru, na ndani mkakutwa mipira minne. Yule mzee wetu mvuvi akaikusanya kwenye kofia yake ya kiua, akaenda nayo mpaka mlangoni ofisini, mahali ambapo kedi hakuwa anaingia. Akasimama pale, hakusema neno, akaonyesha kofia. Rafiki yangu akarudishwa siku ileile. Pole hakupewa.

Kwa nini nawaambia? Kwa sababu wengine wenu leo mna vyeo katika vilabu, na mbele yenu kuna watoto wanaobeba mikoba. Mtoto akikwambia ameona kunguru, tazama juu kwanza.

Tuendelee. Jumamosi na Jumapili nilikuwa navuka kwenda Nyali. Uwanja wa Nyali ulikuwa bado kijana, ulianzishwa mwaka 1956, katika sehemu ambayo zamani ilikuwa mashamba ya mkonge. Kutoka kisiwani ulikuwa unapita kwenye daraja la kuelea. Nyinyi watoto hamkuliona. Lilifunguliwa mwaka 1931, limelala juu ya maboya makubwa ya chuma, maji yakijaa linapanda, maji yakipwa linashuka. Ukipita kwa miguu unalisikia linapumua chini yako, na magari yanalipa ushuru. Siku ya bamvua unateremka kama unaingia kisimani au unapanda kama unaenda darini, kutegemea saa. Makedi wa kisiwani tulijua hali ya maji kabla hatujafika, kwa mteremko wa daraja tu. Mwaka 1980 likafunguliwa hili la saruji, na safari ikawa fupi. Nashukuru kwa hili jipya. Lakini lile la zamani lilikuwa linakwambia bahari imeamkaje.

Nyali sitakaa sana. Ulikuwa uwanja mrefu, wa kutokwa na jasho, wenye tumbili na wageni wa hoteli. Ulinifundisha subira na ukanipa hela ya karo ya wadogo zangu. Niliyempenda alikuwa huku kisiwani.

Viwanja hivi, jamani, vilianzishwa na Wazungu kwa ajili ya Wazungu. Hilo linajulikana. Baada ya uhuru mlango ukafunguka kidogo kidogo, na miaka ile ya 1970 ndipo nilipoanza kumbebea Mwafrika. Wa kwanza wangu alikuwa mtu wa Tanga. Alikuwa afisa katika Shirika la Bandari la Afrika Mashariki, wakati nchi zetu tatu zilikuwa na bandari moja, reli moja, posta moja. Siku ya kwanza nikamwita bosi. Akaweka mkoba chini, akaniambia: nina bosi wangu ofisini, wananitosha. Mimi niite ami.

Ami hakuwa mchezaji mzuri. Nasema ukweli, na angekuwepo angekubali. Lakini alikuwa na adabu ya uwanja ambayo sijaiona tena. Akichimba majani anarudisha kipande mwenyewe, anakikanyaga polepole kama anafunika mtoto. Mchangani akitoka anafuta nyayo zake mwenyewe. Nikimwambia, ami, hiyo ni kazi yangu, ananijibu, nyayo ni za nani?

Kumbukumbu yangu kubwa kwake ni ya Ramadhani. Mwezi ule alikuwa anakuja alasiri baada ya kazi, tunacheza mashimo 9 tu, sisi wawili, uwanja mzima mtupu. Kusi imeshaanza kupungua. Mimi nimefunga, yeye amefunga. Hatuzungumzi sana, koo kavu. Alikuwa anapima mwendo wake ili jua likikaribia kuzama tuwe kwenye shimo la ukingoni. Hapo anafungua mfuko wa mbele wa mkoba, ule wa kuwekea mipira, anatoa karatasi imefungwa kwa uzi. Ndani tende. Tende zilikuwa zinanukia mpira mpya na ngozi, na mara nyingi kijiti cha tii, kile cha kuwekea mpira, kilikuwa kimeng'ang'ania humo, tunakibandua. Adhana inatoka mjini, tunakaa kwenye majani, yeye tende tatu, mimi tende tatu, maji chupa moja. Meli inapita taa zimewashwa. Ndugu zangu, nimekula futari kwenye nyumba kubwa tangu hapo. Hakuna iliyokuwa tamu kama tende zenye harufu ya gofu.

Misimu mitatu ya Ramadhani hivyo. Kisha ukaja mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Wazee mnakumbuka. Mashirika yakagawanywa, kila mtu akaambiwa arudi kwao. Mwezi wa pili mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa. Ami alikuja uwanjani kwa miguu, hana mkoba. Ameshika fimbo moja mkononi, kama mtu anayetembelea bakora. Akanipa. Akasema, hii namba tano hainipendi, labda itakupenda wewe. Basi. Tukashikana mikono. Mpaka ule ulikaa umefungwa mpaka mwishoni mwa mwaka 1983.

Na hii namba tano ndiyo hii.

Ipitisheni, msiogope. Tazameni uso wake, hapo katikati. Mnaona alama kama sarafu, imelika, inang'aa kuliko kwingine? Mchanga ndio ulioila. Ngozi ya mshikio ilioza zamani, hiyo niliyozungusha ni mpira wa ndani wa baiskeli. Fimbo hii ilikuwa moja, na sisi vijana wa Likoni tulikuwa saba.

Tulicheza wapi? Ufukweni. Maji yakipwa, mchanga unabaki mpana, mgumu, umelowa. Tunachimba mashimo kwa kifuu, tunasimamisha kuti liwe bendera. Mmoja anapiga, anamkabidhi mwenzake fimbo, tunakimbia sote. Na mchanga mbichi hausamehe. Kwenye ukoka ukipiga kidogo nyuma ya mpira, majani yanakusaidia. Mchangani ukigusa nyuma kwa unene wa karatasi tu, fimbo inazama, mkono unakufa ganzi mpaka begani. Lazima uuchukue mpira peke yake, msafi, kama unavyochukua yai chini ya kuku. Na una muda gani? Mpaka bahari irudi. Bahari ikirudi, mashimo yote 6 yamefutika, kesho mnachimba mengine.

Mwaka 1978 tukasikia redioni kwamba Kenya Open, mashindano yanayochezwa kule Nairobi tangu 1967, yameshindwa na kijana wa Kihispania, Severiano Ballesteros. Uwanja wa Muthaiga. Tulisikia tu jina, jina gumu, tukalichezea mdomoni siku nzima. Alikuwa na miaka 20, kama mimi. Mwaka uliofuata akachukua Open ya Uingereza, mwaka 1980 akachukua Masters ya Marekani. Na ilinichukua miaka mingi kuja kujua habari zake za utotoni. Nilipozijua niliketi chini. Yule mtu alitoka kijiji cha pwani, Pedreña. Alikuwa kedi. Na alijifunzia gofu ufukweni, mchangani, kwa fimbo moja. Namba tatu.

Mnasikia, wanangu? Kedi. Ufukwe. Fimbo moja.

Sisi saba tulikuwa na namba tano. Je, katika wale saba hakuwemo mmoja mwenye mkono kama ule? Mimi nasema alikuwemo. Sio mimi, mimi nilikuwa wa wastani. Alikuwemo mmoja aliyekuwa akiipiga hii fimbo dhidi ya kusi, mpira ukapita usawa wa kifua na kutua palepale alipotaja. Alichokosa ni mtu wa kufungua mlango na kusema, ingia. Aliishia kubeba mizigo bandarini, mgongo ukamwisha, Mungu amrehemu. Ndiye mmoja wa wawili tuliowazika mwaka huu. Katika kaburi lile tumefukia mapigo ambayo hakuna ubao wowote wenye dhahabu uliowahi kuyaona, na hilo linaniuma, na sitaki lisiwaume nyinyi.

Mpaka ulipofunguliwa nilifunga safari ya basi, Lunga Lunga, Horohoro, mpaka Tanga. Nilimtafuta ami siku mbili. Nilipoipata nyumba, nilikaribishwa na mkewe. Ami alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, mwaka mmoja kabla. Mama yule alinitilia chai, akanitazama, akauliza: wewe ndiye wa Likoni? Nikasema ndiye. Akaniambia, jioni alikuwa anakwenda ufukweni peke yake na kijiti cha mti, anapiga vifuu vya nazi kuvielekeza baharini. Majirani wakidhani ana mawazo. Na Ramadhani, akasema, tende alikuwa haziweki kwenye sahani. Anaziweka mfukoni.

Sasa wazee wangu makedi mliokaa nyuma kule, naomba kitu kimoja kwenu na ni kidogo. Kila mmoja wenu ana mtoto mmoja hapa mbele. Nimehesabu, mnatoshana. Kila Jumamosi, baada ya kazi, keti naye saa moja. Mwambie lile shimo linainamia wapi, maana sote tunajua grini zinainamia baharini hata pale jicho linapokataa. Mwambie kusi inaingia lini na inatoka lini. Na nyinyi wenye klabu, mikoba ya zamani imejaa stoo inaliwa na mchwa. Mtoto wa Likoni, wa Kisauni, wa Majengo anatosha kwa fimbo moja. Mmeshasikia fimbo moja inafanya nini.

Hii yangu sirudi nayo nyumbani. Msiitundike. Msiitie kwenye kioo. Itabaki na watoto hawa, wapokezane kama tulivyopokezana.

Wewe binti wa kilemba cha kijani, simama. Njoo. Shika hapa, mkono wa kushoto juu, wa kulia chini, usiikabe, haitakimbia. Vizuri. Watu wa upande ule, pisheni kidogo. Sasa geuka utazame bahari. Unaiona ile ngalawa inayotoka upande wa Likoni? Itazame vizuri, hatuna haraka.

Haya, mwanangu. Tanga linakwambia namba ngapi?